Joto la Sindano na Saratani ya Kongosho: Miezi Huhesabiwa Tangu Lini?

Mwaka 2012 madaktari wa kaskazini mwa Italia walichapisha katika jarida la British Journal of Surgery matokeo ya wagonjwa 107 waliokuwa na saratani ya kongosho isiyoweza kukatwa, ambao uvimbe wao ulichomwa kwa joto la umeme wa masafa ya redio. Wagonjwa 47 walianza na joto. Wengine 60 walianza na tiba nyingine, kisha wakachomwa baadaye. Katika kundi la kwanza, nusu ya wagonjwa walikuwa wameshafariki ilipotimia miezi 14.7, katika kundi la pili, nusu walifika miezi 25.6. Joto ni lile lile na madaktari ni wale wale, lakini tofauti ya umri uliobaki inakaribia mwaka mzima.

Msomaji mwenye haraka atahitimisha kwamba siri iko katika mpangilio: tanguliza dawa, joto lifuate. Huenda kuna ukweli ndani yake. Lakini kabla ya kulikubali hilo ni lazima tujiulize mtu aliingiaje katika kundi la pili. Ili achomwe baada ya tiba ya kwanza, ilimpasa kwanza aimalize tiba hiyo akiwa hai, akiwa na nguvu za kupanda mezani, na ugonjwa wake ukiwa haujaruka kwenda kwenye ini au mapafu. Yule ambaye saratani yake ilikuwa ya kasi hakufika, na jina lake halikuandikwa upande huo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umewapepeta wagonjwa kabla daktari hajawasha mashine, na waliobaki juu ya ungo walikuwa wale ambao pengine wangeishi muda mrefu zaidi hata bila joto.

Nimeanza na takwimu hizi kwa sababu ndizo ufunguo wa mjadala mzima wa tiba za joto kwa saratani ya kongosho, na kwa sababu mjadala huo umeshafika katika simu zetu. Familia yenye mgonjwa inapotumiwa ujumbe kuhusu tiba "ya bila kisu" inayopatikana ng'ambo, takwimu inayoambatana nao huwa ya aina ya 25.6, na ni nadra sana kuwa ya aina ya 14.7. Joto linaua seli za saratani, na kwa hilo hakuna mwenye shaka. Swali ni je, kuua uvimbe mahali ulipo kunaongeza umri wa mtu ambaye ugonjwa wake, kwa kawaida, ulishaondoka mahali hapo zamani? Ninaloshikilia ni kwamba kwa aina ya kawaida ya saratani hii jibu bado halijathibitishwa, na kwamba joto lina kazi nyingine mbili, za chini zaidi kwa sifa, ambazo limezistahili kwa ushahidi ulio bora zaidi.

Tuanze na mahali penyewe. Kongosho limelala kwa upana nyuma ya tumbo la chakula, limeegemea uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na mfereji wa nyongo unapenya ndani ya kichwa hicho kabla ya kumwaga nyongo utumboni. Nyuma yake hupita ateri inayolisha utumbo karibu wote, na hapo hapo hukutana mishipa inayounda mshipa mkuu wa kupeleka damu kwenye ini. Uvimbe hauhitaji kuwa mkubwa ili uiguse mishipa hii, na ukishaizunguka ateri ile, daktari wa upasuaji kwa kawaida huweka kisu chini, kwa sababu kuukata uvimbe bila kuukata uhai haiwezekani tena.

Ndiyo maana upasuaji mkubwa unaoitwa kwa jina la Allen Whipple, aliyeueleza mwaka 1935, huwafaa wagonjwa wachache tu. Kati ya wagonjwa 100 wanaogunduliwa, 15 hadi 20 hivi ndio ambao uvimbe wao unakatika. Karibu nusu wanakuja saratani ikiwa imeshasambaa kwenye viungo vingine. Waliobaki, takriban 30, wako katikati: hakuna madoa yanayoonekana mbali, ila uvimbe umeikamata mishipa. Neno "haipasuliki" hutumika kwa makundi haya mawili ya mwisho kana kwamba ni kitu kimoja, na mkanganyiko huo umewagharimu watu fedha nyingi, kwa kuwa tiba za joto tunazozijadili zilibuniwa karibu zote kwa ajili ya kundi la katikati. Kumchoma uvimbe wa kongosho mtu ambaye ini lake limejaa saratani, kwa matumaini ya kumwongezea umri, ni kama kuziba tundu moja la ngalawa iliyooza ubavu mzima.

Ukali wa ugonjwa wenyewe unaonekana katika hesabu moja. Mwaka 2022 duniani kote walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao 511,000 na vifo vipatavyo 467,000. Katika saratani nyingine nyingi pengo kati ya wanaougua na wanaofariki ni pana, nasi hulichukua pengo hilo kuwa kazi ya tiba. Hapa pengo karibu halipo.

Sasa joto. Mashine ya masafa ya redio hupeleka umeme unaobadili mwelekeo mara laki kadhaa kwa sekunde kupitia ncha ya sindano iliyochomekwa ndani ya uvimbe. Chembe zenye chaji zilizomo katika maji ya seli hutikisika kufuata mabadiliko hayo, zinasuguana, na msuguano huo ndio joto. Kwenye nyuzi 60 za Selsiasi protini huganda karibu papo hapo, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni, na seli iliyofika hapo haina njia ya kurudi. Zikipita nyuzi 100 maji ya mwilini huchemka, nyama huungua kuwa mkaa, na mkaa huo hauruhusu umeme kupita, hivyo joto linashindwa kuenea. Kwa hiyo ufundi wote ni kukaa kati ya mipaka hiyo miwili. Mashine za maikrowevu hufanya kazi kwa njia iliyo karibu na hiyo, zikitikisa zaidi molekuli za maji, na hupasha haraka zaidi. Mawimbi ya sauti yaliyokusanywa hayachomi ngozi kwa sindano kabisa: mashine iliyo nje ya mwili huyaelekeza sehemu moja, kama kioo cha kukuzia kinavyokusanya jua hadi karatasi ikashika moto.

Kwenye ini ufundi huu umekubalika tangu miaka ya 1990, na umewatendea mema wagonjwa wengi wenye uvimbe mdogo. Ini ni kiungo kikubwa, kilichoshikana, kinachoweza kupoteza pande lake na kuendelea na kazi. Kongosho si hivyo. Limejaa vimeng'enya vya kusagia chakula, na likijeruhiwa vimeng'enya hivyo huweza kulisaga lenyewe. Zaidi ya hapo, ukutani mwake pamebanana utumbo, mfereji wa nyongo na mishipa ile niliyoitaja, na joto halijui mpaka wa kiungo kimoja na kingine.

Somo hilo lilipatikana kwa gharama ya maisha. Mwaka 2006 madaktari wa China waliripoti wagonjwa 16 wenye uvimbe usiokatika kwenye kichwa cha kongosho waliochomwa kwa masafa ya redio. Wanne walifariki, na kutokwa na damu nyingi ndiko kulikoongoza katika vifo hivyo. Ripoti ya namna hiyo ingetosha kuizika tiba nzima. Madaktari wa Verona, mji wa kaskazini mwa Italia, hawakuizika, bali waliitafutia kipimo. Katika ripoti yao ya mwaka 2010 yenye wagonjwa 50, wale 25 wa mwanzo walichomwa kwa nyuzi 105, na 10 kati yao wakapata madhara. Walipopunguza joto hadi nyuzi 90 kwa wale 25 waliofuata, waliopata madhara walikuwa watatu. Aliyefariki katika wote 50 alikuwa mmoja. Kwangu mimi hii ni sayansi ya kuheshimika: mtu anapunguza nyuzi 15, anahesabu upya, na anachapisha makosa yake ya mwanzo pamoja na masahihisho.

Lakini kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa habari hizi hawaambiwi. Wagonjwa hao 50 wa Verona walifunguliwa tumbo. Sindano iliingizwa katika uvimbe ambao daktari aliuona kwa macho yake, huku akiusogeza utumbo kando na kuukinga. Hata utafiti mkubwa wa Uholanzi uitwao PELICAN, ulioanza kupokea wagonjwa mwaka 2015, ulipangwa kwa njia ya kufungua tumbo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya takwimu zinazotumiwa kuisifu tiba "ya bila kisu" zilitokana na kisu. Siyo kosa la madaktari walioziandika, kwani wao walieleza waziwazi walichofanya. Kosa huingia njiani, pale namba inapovuka kutoka ukurasa wa jarida hadi kwenye tangazo na kuliacha tumbo lililofunguliwa upande wa pili.

Njia ambayo kweli haihitaji kufungua tumbo ilikuja baadaye kupitia endoskopia. Mgonjwa hulazwa usingizi, mrija wenye kamera na kifaa cha ultrasaundi hupitishwa kinywani hadi tumboni, na kwa kuwa kongosho liko nyuma tu ya ukuta wa tumbo, daktari huliona kwa ukaribu ambao ultrasaundi ya juu ya ngozi haiwezi kuufikia. Sindano nyembamba yenye ncha ya umeme hupenyezwa kupitia ukuta huo hadi kwenye uvimbe. Madaktari wa Korea Kusini waliripoti mwaka 2016 wagonjwa sita wenye saratani isiyokatika waliochomwa kwa namna hiyo. Kazi ilifanyika kwa wote, na malalamiko yaliyofuata yalikuwa maumivu madogo ya tumbo. Ni mwanzo mzuri kwa upande wa usalama. Lakini wagonjwa sita wanaweza kutuonyesha kwamba jambo linafanyika, hawawezi kutuonyesha kwamba linafaa, na sindano moja huunguza eneo dogo, mara nyingi la sentimita moja au mbili, ilhali uvimbe ulioshika mishipa mara nyingi umeshazidi sentimita tatu. Inabidi kuchoma, kusogeza, kuchoma tena, na kila mara kuna pembe inayobaki.

Pembe hiyo inayobaki ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu haibaki kwa bahati mbaya. Damu inayopita katika mshipa mkubwa hubeba joto na kuondoka nalo, kama maji ya mto yanavyopoza jiwe lililoko ukingoni. Seli zilizogandamana na ukuta wa ateri hubaki vuguvugu wakati wenzao wa katikati ya uvimbe wanaganda. Na daktari mwenye busara mwenyewe hujiweka mbali na ateri, kwa kuwa akiichoma mgonjwa atavuja damu. Matokeo yake ni kwamba seli zile zile zilizomzuia daktari wa upasuaji kukata, yaani zile zilizoikumbatia mishipa, ndizo zinazopata hifadhi dhidi ya joto. Katikati ya uvimbe pataonekana peusi kwenye picha ya sitiskani, familia itaonyeshwa picha hiyo na kufurahi, na kweli pamekufa. Kilichobaki ni ukingo, na ukingo ndio uliofanya ugonjwa uitwe usiopasulika tangu mwanzo.

Hata tukidhani kwamba teknolojia italitatua hilo, bado kuna kizuizi kikubwa zaidi. Saratani ya kawaida ya kongosho, adenokasinoma, ni ugonjwa unaosafiri mapema. Zaidi ya tisa katika kumi ya uvimbe huu wana badiliko katika jeni moja iitwayo KRAS, na seli zake huingia katika damu zikiwa chache mno kuonekana kwenye picha yoyote. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ugonjwa wake "haujasambaa" anaambiwa ukweli kwa kadiri picha inavyoona. Ndiyo maana hatua kubwa iliyopigwa katika miaka ya karibuni ilitokana na dawa zinazozunguka mwili mzima: mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX uliwafikisha nusu ya wagonjwa waliokuwa na saratani iliyosambaa kwenye miezi 11.1, dhidi ya miezi 6.8 kwa waliopewa dawa moja ya zamani. Mchanganyiko huo ni mkali na si kila mwili unauweza, lakini wagonjwa waligawanywa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, kabla ya kuanza, kwa hiyo hakuna ungo uliopepeta kundi moja na kuliacha jingine.

Tiba zinazolenga uvimbe mahali ulipo zimeshapimwa kwa kura pia, ingawa si zote ni za joto, na mwenye kutaka kutabiri hatima ya joto angefanya vyema kuziangalia. Katika utafiti wa kimataifa wa LAP07, uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa wenye uvimbe ulioshika mishipa ambao walikuwa wamemaliza miezi minne ya dawa bila ugonjwa kuendelea walipigiwa kura: wengine waendelee na dawa, wengine waongezewe mionzi. Nusu ya waliopata mionzi walifika miezi 15.2, nusu ya wasioipata miezi 16.5, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Hapo awali wengi walikuwa na hakika kwamba mionzi lazima ingesaidia. Kisha ukaja utafiti wa Amsterdam uitwao CROSSFIRE, uliochapishwa mwaka 2024, uliolinganisha mionzi ya kisasa inayoongozwa na picha za sumaku na tiba ya mipigo ya umeme inayotoboa kuta za seli bila kutegemea joto. Tiba hiyo ya mipigo ilikuwa imesifiwa kwa miaka mingi kwa sababu haiharibu mishipa ya damu, yaani ilidhaniwa kuwa na dawa ya lile tatizo la ukingo. Wagonjwa 68 waligawanywa kwa kura, na utafiti ukasimamishwa ilipoonekana kwamba hautazaa tofauti iliyotarajiwa: miezi 12.5 kwa mipigo ya umeme, 16.1 kwa mionzi.

Zitazame namba hizo pamoja na ile 25.6 ya mwaka 2012. Tiba za eneo moja zinapohesabiwa bila kura hung'aa, na zinapopigiwa kura hurudi kwenye miezi 12 hadi 17. Sidai kwamba joto litafuata njia hiyo hiyo bila shaka. Kuna hoja ya haki kwamba seli zilizouawa kwa joto humwaga vipande vyake katika damu na kuamsha kinga ya mwili, na hoja hiyo inastahili kuchunguzwa. Ninachosema ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeuza, na kura ndiyo mizani yake. Waholanzi walilielewa hilo walipoupanga PELICAN: wagonjwa 228, wote wapewe dawa kwanza kwa miezi miwili, wale ambao ugonjwa haukusonga mbele ndio wapigiwe kura, nusu wapate joto pamoja na dawa, nusu waendelee na dawa peke yake, na umri wa wote uhesabiwe kuanzia mstari mmoja. Katika mpango wa namna hiyo, wanaopepetwa na ugonjwa hupepetwa kabla ya kura, na pande zote mbili huanza zikiwa sawa.

Nilisema kwamba joto lina kazi mbili ambazo limezistahili. Ya kwanza ni uvimbe wa aina tofauti kabisa unaoota katika kiungo hicho hicho. Kongosho lina visiwa vya seli zinazotengeneza homoni, ikiwemo insulini, na seli hizo nazo huweza kuota uvimbe uitwao wa nyuroendokrini. Mwingi wake hukua polepole. Insulinoma, ambayo humwaga insulini ovyo na kumwangusha mtu kwa kupungukiwa sukari, mara nyingi ni ndogo kuliko sentimita mbili na si saratani yenye kusambaa. Hapa eneo dogo linalounguzwa na sindano ya endoskopia linatosha kuumaliza uvimbe mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha wagonjwa wa insulinoma waliochomwa na wale waliopasuliwa: upasuaji uliwaponya wote na joto likawaponya asilimia 95.5, lakini madhara yaliwapata asilimia 18 ya waliochomwa dhidi ya asilimia 61.8 ya waliopasuliwa. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura hapo, ni kweli, lakini sukari ya damu iliyorudi kawaida siku ile ile ni ushahidi wa aina nyingine. Haihitaji kusubiri miezi ishirini na mitano ili isomeke.

Mkanganyiko wa aina hizi mbili umefanya madhara makubwa katika mazungumzo ya watu. Steve Jobs wa kampuni ya Apple aligunduliwa ugonjwa mwaka 2003 na akafariki mwaka 2011, na kila mara anatajwa kama mtu aliyeishi miaka minane na saratani ya kongosho. Alikuwa na uvimbe wa nyuroendokrini. Mtu anapokuletea ushuhuda wa jirani aliyechomwa kwa sindano na sasa ni mwaka wa tano yuko shambani, swali la kwanza ni la jina lililoandikwa katika karatasi ya maabara ya kinyama kilichopimwa. Pasipo karatasi hiyo, ushuhuda hauwezi kutumika kumshauri mgonjwa mwingine hata kidogo.

Kazi ya pili ni maumivu. Nyuma ya kongosho, kandokando ya ateri kuu, kuna mafundo ya neva ambayo saratani huyavamia, na maumivu yake hupenya hadi mgongoni, yanamnyima mgonjwa kulala chali na hatimaye kulala kabisa. Kwa zaidi ya miaka mia madaktari wamekuwa wakiyazima mafundo hayo kwa sindano, mara nyingi kwa kuyachoma na pombe kali. Mwaka 2019 madaktari wa Florida walipiga kura kati ya wagonjwa 26: wengine wakapata pombe hiyo, wengine mafundo yao yakachomwa moja kwa moja kwa masafa ya redio kupitia endoskopia. Waliochomwa kwa joto walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Ni utafiti mdogo, na ningependa kuona mkubwa, lakini swali lake liliulizwa vizuri: hakuna aliyeahidiwa kupona, na kilichopimwa ndicho mgonjwa alichokuwa anakililia. Mawimbi ya sauti yaliyokusanywa, ambayo China ilianza kuyatumia kwa saratani hii mapema na kuripoti wagonjwa wanane mwaka 2005, nayo sifa yake thabiti zaidi ni kupunguza maumivu, ingawa hewa ya utumboni huyazuia kupita na ngozi huweza kuungua.

Na kabla mtu hajauza kiwanja ili akatafute joto la kuzima maumivu, ni vyema ajue kwamba jirani zetu wa Uganda walilishughulikia tatizo hilo kwa chupa ya plastiki. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza morfini ya maji inayonywewa, iliyotengenezwa kwa unga, kwa bei ambayo mgonjwa wa kijijini anaimudu, na tangu mwaka 2004 sheria za nchi hiyo zinawaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuiandika. Kwangu mimi chupa hiyo ina ushahidi mwingi kuliko mashine nyingi zinazotangazwa.

Tufike basi nyumbani, kwani mgonjwa wetu wa kawaida haanzi safari yake kwa kuchagua kati ya nyuzi 90 na 105. Anaanza kwa macho kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai na mwasho wa ngozi unaomkesha, kwa sababu uvimbe wa kichwa cha kongosho umeubana mfereji wa nyongo. Wengine hupitia kwanza dawa za miti, au hutibiwa homa ya ini kwa wiki kadhaa. Nyongo isipotolewa, dawa nyingi za saratani haziwezi kutolewa salama kwa kiwango kamili, kwa sababu ini ndilo linalozisafisha, na mwili wenye nyongo iliyotuama huambukizwa kwa urahisi. Kwa hiyo mgonjwa huyu anahitaji kwanza kipande cha mrija kinachowekwa kwa endoskopia, au sindano inayopitishwa kwenye ngozi hadi ndani ya ini na kuacha mfereji wa kutolea nyongo nje.

Sindano hiyo ya pili haina mvuto katika matangazo, lakini ni ufundi wa jamaa mmoja na sindano ya joto: daktari wa radiolojia anaongozwa na picha, anapenya bila kufungua, anafanya kazi yake na kutoka. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya radiolojia ya aina hii yalianza mwaka 2018 kwa timu za walimu kutoka Marekani kuja kwa zamu, na kutoa nyongo ni miongoni mwa kazi ambazo madaktari wa hapo walifundishwa mapema. Ningependa kuona fedha za umma zikizama huko kwanza, katika mirija, waya na wauguzi wa chumba hicho, kabla ya kuzama katika mashine ya kuchomea uvimbe. Siku mashine hiyo itakapokuja, mikono itakayoishika itakuwa ile ile.

Na familia iliyokaa mbele ya daktari, hapa au Chennai, India, inayo haki ya maswali machache ya wazi. Ni adenokasinoma au nyuroendokrini? Imesambaa au imeshika mishipa tu? Joto linakusudiwa kuongeza umri au kupunguza maumivu? Na ile miezi inayotajwa, ilihesabiwa kuanzia siku ya ugunduzi au siku ya kuchomwa, na ikilinganishwa na nani? Daktari mwaminifu hatakasirika kuulizwa.

Katika ile ripoti ya Verona ya mwaka 2010 kuna mstari ambao wanaoinukuu huupita haraka. Kati ya wagonjwa 50, ni 19 tu ambao joto lilikuwa tiba yao pekee siku hiyo. Wengine 31 walifanyiwa na mambo mengine pale pale mezani, na 22 kati yao walitengenezewa njia mpya ya nyongo.